Kukarabati Handaki Kuukuu la Maji au la Umeme: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wahandisi vijana na mafundi wa mamlaka za maji na vituo vya kufua umeme huuliza maswali yaleyale kila handaki linapoanza kuonyesha uzee. Je, tuanze kwa kulikausha? Tupige zege jipya kote? Tuzibe kwa saruji gani? Maswali haya yataongezeka, kwa sababu mahandaki mengi ya ukanda wetu yanafikia utu uzima kwa pamoja. Kituo cha umeme cha Kamburu, kwenye Mto Tana nchini Kenya, kilianza kazi mwaka 1974, cha Kidatu nchini Tanzania mwaka 1975 na cha Gitaru, pia kwenye Mto Tana, mwaka 1978, na vyote vitatu vina mitambo iliyo chini ya ardhi. Handaki linaloleta maji Kidatu lina urefu wa karibu kilomita 10. Maji ya bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, hupita kwenye mahandaki kabla ya kufika kwenye mitambo ya kusafishia ya Ng'ethu na hatimaye Nairobi. Sisemi kwamba mahandaki hayo yana kasoro. Ninachosema ni kwamba umri wake unatosha kumfanya msimamizi yeyote ajifunze kazi hii kabla ya dharura kumfundisha.

Mwongozo huu ni wa handaki lenye ganda la zege, au lililoachwa mwamba mtupu, ambalo linavuja, linapitisha maji machache kuliko zamani, au linaangusha mawe. Hauchukui nafasi ya mhandisi wa mahandaki na mtaalamu wa miamba, ambao lazima wawepo. Utakusaidia kuwauliza maswali yanayofaa na kutowaruhusu waruke hatua.

Jambo moja litajitokeza karibu kila hatua, nalo ni hili: handaki lililojaa maji limezoea shinikizo la ndani na la nje kwa miongo kadhaa, na linakuwa hatarini zaidi siku ya kulitoa maji na siku ya kulirudishia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi njema hufanywa kabla hata lango halijafungwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Michoro ya handaki jinsi lilivyojengwa, siyo jinsi lilivyosanifiwa. Tafuta pia shajara za wachimbaji, kwa kuwa humo ndimo palipoandikwa mahali mwamba ulipokuwa laini, maji yalipobubujika na vyuma vya kushikilia vilipowekwa.
- Rekodi za mtiririko, za kina cha maji bwawani na za presha mbele ya mitambo, kwa miaka mingi kadiri zinavyopatikana.
- Malango yanayofunga kweli. Lango la kuingilia maji, lango la dharura na vali ya kutolea maji vikaguliwe na kujaribiwa mapema, kwa sababu lango ambalo halijashushwa kwa miaka mingi huwa limeshikwa na kutu au limejaa mchanga kwenye njia zake.
- Visima vyembamba vya kupimia kina cha maji ya ardhini kando ya njia ya handaki, hasa mahali ambapo mlima ni mrefu na mahali ambapo handaki linapita karibu na uso wa ardhi.
- Vipima gesi, feni na mifereji ya hewa, taa, simu ya waya au mfumo wa redio unaofanya kazi chini ya ardhi, vifaa vya kupumulia vya dharura, na kikosi cha uokoaji kilichofanya mazoezi.
- Maji au umeme mbadala kwa muda wote wa kazi, pamoja na akiba ya muda endapo kazi itachelewa.

Kipengele cha mwisho ndicho kinachopuuzwa zaidi. Handaki la Delaware, ambalo lina urefu wa kilomita 137 na hupeleka maji katika jiji la New York tangu mwaka 1944, lilifikia kuvuja hadi lita milioni 130 hivi kwa siku. Wenyewe walichimba handaki la pembeni la kilomita 4, mita 180 hivi chini ya Mto Hudson, ili kukwepa kipande kibovu zaidi. Walipolifunga handaki kuu mwaka 2024 ili waunganishe, ukame ukaingia, na mwezi Novemba walilazimika kusitisha kazi na kurudisha maji. Hilo lilikuwa jiji lenye vyanzo vingine vya maji na lililojiandaa kwa miaka mingi. Mji unaotegemea handaki moja hauna nafasi hata ya kukosea msimu.

Hatua za kazi

1. Lipime likiwa bado linafanya kazi. Weka vipimo vya presha mwanzoni na mwishoni mwa handaki, pima mtiririko, kisha rudia kwa viwango vitatu au vinne tofauti vya mtiririko. Tofauti ya presha kati ya ncha mbili, ikipimwa kwa mita za maji, ndiyo nguvu inayopotea kwa msuguano. Inapaswa kukua kwa mraba wa mtiririko: maji yakiongezeka mara mbili, upotevu unaongezeka mara nne. Usipopata uwiano huo, shaka vipimo vyako kabla ya kulishuku handaki.

Chukua mfano wa handaki la kilomita 10 lenye kipenyo cha mita 4, linalopitisha mita za ujazo 30 kwa sekunde. Zege laini, ambalo wahandisi hulipa namba ya ukwaru (kipimo cha jinsi uso usivyo laini) ya 0.013, litapoteza mita 9.6 hivi za kimo. Zege lilelile likichakaa, likaota utando wa viumbe na kufikia 0.016, litapoteza mita 14.6. Mita hizo 5 za tofauti ni kama megawati 1.3 kwa mtambo wenye ufanisi wa asilimia 90, na mtambo ukifanya kazi saa 6,000 kwa mwaka ni uniti zaidi ya milioni 7 na nusu zinazoishia kwenye kuta. Hesabu hii ndiyo utakayompelekea mtoa fedha, na ndiyo itakayokwambia baadaye kama kazi yako imefanikiwa.

*Onyo:* kagua vyuma vya kuzuia takataka mlangoni kabla ya kulilaumu handaki. Magugu maji na magogo yaliyoziba hapo hula presha vilevile, na kuyaondoa ni kazi ya siku chache.

2. Pima uvujaji kwa kisima cha mshindo. Vituo vingi vya umeme vina kisima cha wima kinachopokea mshindo wa maji mitambo inapozimwa ghafla. Funga ncha zote mbili, acha maji yatulie, kisha soma jinsi kina kinavyoshuka kisimani. Kisima chenye kipenyo cha mita 8 kina eneo la mita za mraba 50. Kina kikishuka sentimita 10 kwa saa, umepoteza mita za ujazo 5, yaani lita 1.4 kwa sekunde. Toa maji yanayopenya kwenye malango, ambayo unaweza kuyapima kwa ndoo au kwa kizingiti kidogo upande wa pili, ukikumbuka kwamba lango la juu likivuja linaingiza maji na la chini likivuja linayatoa. Rudia kipimo hicho maji yakiwa katika vimo tofauti, kwa kuwa uvujaji unaokoma maji yanaposhuka chini ya kimo fulani unaweza kukuonyesha kwamba ufa uko juu ya kimo hicho.

Wakati huohuo, watu watembee juu ya mlima wakatafute chemchemi mpya, majani mabichi wakati wa kiangazi na mashamba yaliyogeuka tope. Waulize wakazi. Mkulima ambaye kisima chake kilianza kujaa bila mvua ana taarifa ambayo hakuna chombo kitakachokupa.

3. Chungulia ndani bila kutoa maji. Roboti za chini ya maji zenye kamera na sona huweza kupita umbali mrefu handaki likiwa limejaa. Mwaka 2003 New York walipitisha chombo kisicho na mtu kwenye kilomita zipatazo 70 za handaki la Delaware, kikapiga picha njia nzima bila kulikausha. Hapa kwetu huenda ukaipata roboti kwa kukodi tu, na gharama yake itakushtua, lakini ilinganishe na gharama ya kukausha handaki lote ili kugundua kwamba tatizo ni mita 40 za mwamba mbovu. Unachotafuta ni marundo ya mawe sakafuni, vipande vya zege vilivyobanduka, mchanga uliojaa, na nyufa zinazofuata urefu wa handaki juu ya dari.

4. Amua kama kweli unahitaji kulikausha. Hatua hii haina vifaa, ina kikao tu, na ndiyo inayookoa mahandaki mengi. Kama uvujaji ni mdogo, hauongezeki na hautishii mteremko wala nyumba, jibu sahihi huenda likawa kuendelea kupima. Kama kuna kipande kimoja kibovu sana, huenda handaki la pembeni likafaa kuliko kufanya kazi ndani ya mwamba unaobomoka. Kituo cha Glendoe kule Scotland, kilichofunguliwa mwaka 2009, kiliporomokewa na mwamba ndani ya handaki lake mwezi Agosti mwaka huohuo. Kilirudi kazini mwaka 2012 baada ya kuchimbwa njia ya kukwepa sehemu iliyoporomoka. Handaki hilo lilikuwa jipya. Umri peke yake hausemi kila kitu kuhusu afya ya handaki, na uamuzi utokane na vipimo vya hatua tatu za kwanza.

5. Teremsha maji polepole. Hapa ndipo tunapokaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo haraka inapovunja vitu.

Maji ya ardhini yanayolizunguka handaki yanalisukuma kutoka nje. Handaki likiwa limejaa, maji ya ndani yanajibu msukumo huo. Ukiyatoa kwa ghafla, ganda linabaki peke yake. Mita 100 za maji ya ardhini ni sawa na tani 100 kwa kila mita ya mraba, na ni nadra ganda jembamba la zege la miaka ya 1970 kuwa limesanifiwa kwa mzigo huo bila matundu ya kutolea maji. Bomba la chuma lililopachikwa ndani ya mwamba nalo linaweza kukunjamana kuelekea ndani. Mwamba wenye udongo unaovimba, au ule wa majivu ya volkano kama ilivyo sehemu nyingi za milima ya Aberdare, una tatizo la ziada: ukikauka unapasuka, na ukilowa tena unamomonyoka.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma visima vya maji ya ardhini kabla ya kuanza na andika kimo cha kila kimoja. Weka kikomo cha kasi pamoja na mhandisi wako. Mita 10 za kimo kwa saa hutajwa mara nyingi kwa mwamba imara, na ganda la zege kuukuu huhitaji kasi ndogo zaidi ya hiyo. Shusha kwa vituo, ukisimama kwa saa kadhaa ili maji ya ardhini yapate kufuata. Tofauti kati ya maji ya nje na ya ndani ikizidi ile iliyokubaliwa, simama hadi ipungue, hata kama mkandarasi ameshapanga magari mlangoni.

*Onyo kubwa:* kasi ya kimo na kasi ya mtiririko ni vitu viwili. Ukitoa mita za ujazo 2 kwa sekunde wakati maji yako ndani ya kisima cha mshindo cha mita za mraba 50, kimo kinashuka mita 2.4 kwa dakika, yaani zaidi ya mara kumi ya kikomo cha mita 10 kwa saa. Ili ubaki ndani ya kikomo hicho, unapaswa kutoa lita 140 tu kwa sekunde hadi kisima kiishe. Baada ya hapo, handaki lenyewe likiwa limelala, unaweza kuongeza kwa uangalifu. Fundi wa vali akiambiwa tu "fungua robo" bila kupewa kimo cha kusoma, atakuwa amefuata maagizo na handaki litakuwa limeumia.

Hakikisha pia matundu ya hewa yako wazi. Maji yakitoka bila hewa kuingia, ndani kunakuwa na mvuto unaoweza kulibonyeza bomba la chuma.

6. Pafanye mahali pawe salama kabla ya mtu yeyote kuingia. Malango yafungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae kwa kiongozi wa kikosi kilichomo ndani, siyo ofisini. Umeme wa kuendesha malango ukatwe na kibao kitundikwe. Mlinzi mwenye mawasiliano akae kwenye lango la juu usiku na mchana, na mwingine afuatilie mvua kwenye vyanzo vya mto.

Sukuma hewa safi ndani kabla ya kupima, kisha pima kabla ya kuingia, na endelea kupima mkiwa ndani. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9, ikiwa chini ya 19.5 msiingie. Tope lililokaa miaka mingi hutoa gesi ya salfidi ya hidrojeni likikanyagwa, kwa hiyo kipimo safi cha mlangoni hakimaanishi kwamba hewa ni safi mahali mlipo baada ya kutembea kilomita mbili kwenye tope. Gesi hiyo inanuka kama yai viza, lakini ikizidi inaua uwezo wa kunusa, hivyo kutoisikia harufu si dalili ya usalama. Kila anayeingia atundike kibao cha jina lake kwenye ubao wa mlangoni na kukichukua anapotoka.

Waliotangulia kuingia wawe wachache, wakiongozwa na mtaalamu wa miamba, na kazi yao ya kwanza ni kuangusha kwa fito ndefu mawe yaliyolegea darini.

7. Chora ramani ya kila kasoro. Gonga kuta kwa nyundo kwa mpangilio, mita kwa mita. Zege lililoshikana na mwamba hutoa mlio mkali na nyundo inaruka mkononi. Zege lenye pengo nyuma yake hutoa sauti nzito, ya kitu kitupu, na ukiweka kiganja kando ya mahali unapogonga utahisi mtikisiko. Mapengo hupatikana zaidi darini, kwa kuwa zege lililomiminwa huko zamani lilishuka kabla ya kushika na kuacha nafasi. Zungushia kila pengo kwa rangi, andika umbali kutoka mlangoni, piga picha yenye rula ndani yake.

Nafasi kwenye mduara iandikwe kwa digrii, sifuri ikiwa ni katikati ya dari. Wengi hutumia uso wa saa, na hapo fundi mmoja husoma namba iliyoandikwa huku mwenzake akihesabu saa za Kiswahili, matokeo yake tundu linatobolewa sakafuni badala ya darini.

Toa sampuli za zege kwa mashine ya kutoboa, angalau pale palipo bovu na pale panapoonekana pazima, zipimwe nguvu. Andika pia mahali maji yanapoingia kutoka nje, kwa sababu mahali maji yanapoingilia handaki likiwa tupu mara nyingi ndipo yanapotokea likiwa limejaa.

8. Chagua tiba kulingana na ugonjwa. Mwamba uliolegea unatibiwa kwa boliti zinazopachikwa ndani yake na zege la kunyunyizia lenye nyuzi za chuma. Mapengo nyuma ya ganda yanajazwa rojo la saruji. Nyufa zinazotiririsha maji zinazibwa kwa kemikali zinazovimba, kisha saruji inafuata. Ganda lililochoka kabisa linahitaji ganda jipya ndani yake, au bomba la chuma au la nyuzi za kioo.

Kabla ya kukubali ganda jipya, fanya hesabu hii. Handaki la mita 4 likiongezewa zege la sentimita 15 kuzunguka, kipenyo kinabaki mita 3.7, na uwezo wake wa kupitisha maji unapungua kwa asilimia 19 hivi kama ukwaru ungebaki uleule. Zege jipya likishusha ukwaru kutoka 0.016 hadi 0.013, uwezo unapanda kwa asilimia 23. Ukizizidisha namba hizo mbili unarudi palepale ulipoanzia. Umepata handaki imara lisilovuja, na hilo lina thamani kubwa, lakini usimwahidi mtu yeyote maji zaidi. Zege la kunyunyizia lisilosawazishwa ni kali zaidi kwa ukwaru, kwa hiyo likienea njia nzima utapoteza maji. Anayetaka maji zaidi apanue handaki, au achimbe jingine, kama ilivyofanyika Kenya kwa kuchimba Handaki la Kaskazini la kilomita 11.8 ili kuongeza maji yanayoingia Ndakaini.

Kama maji ni ya kunywa, kila rangi, kemikali na kiziba-ufa kiwe na kibali cha kugusana na maji ya kunywa. Omba cheti, usikubali maneno ya muuzaji.

9. Fanya kazi kwa mpangilio huu: boliti, rojo, nyufa, uso. Kwanza shikilia kinachoweza kuanguka. Halafu dunga rojo la saruji nyuma ya ganda, ukianzia matundu ya chini na kupanda kuelekea darini, huku matundu ya juu yakiwa wazi ili hewa na maji vitoke. Rojo zito likitokea kwenye tundu la jirani, ziba hilo na usonge mbele. Kwa mapengo mapana, uwiano wa maji kwa saruji wa 0.5 hadi 0.6 kwa uzito unafaa. Kwa nyufa nyembamba rojo linakuwa jepesi zaidi, na nyufa za chini ya milimita 0.2 hivi hazipokei saruji ya kawaida kabisa, zinataka saruji iliyosagwa laini mno au kemikali. Presha ya kujaza mapengo iwe ndogo, bar 2 au 3 kwa kawaida. Pampu inayosukuma kwa bar 10 nyuma ya ganda jembamba italivunja ganda ulilokuja kuliokoa.

*Kosa la kawaida:* kuziba matundu ya kutolea maji pamoja na nyufa. Matundu hayo yaliwekwa makusudi ili kupunguza msukumo wa nje. Yawekee alama kabla ya kudunga, na baada ya rojo kushika yatoboe tena na kuyapima moja baada ya jingine.

*Kosa jingine:* kunyunyizia zege juu ya ukuta wenye utando wa viumbe au matone ya maji. Osha kwa maji ya presha kubwa hadi mwamba au zege safi lionekane, na maji yanayotiririka yaelekezwe kwanza kwenye mpira mwembamba. Lisiposhika leo, litaokotwa kwenye mtambo kesho.

Kwa bomba la chuma, kiini cha kazi ni ulehemu. Tarehe 12 Desemba 2000 bomba la shinikizo la Cleuson-Dixence nchini Uswisi lilipasuka na kuua watu watatu. Kila kiungo kipya kipimwe kwa mawimbi ya sauti au kwa eksirei, na vipimo vihifadhiwe kwa jina la fundi na namba ya kiungo.

10. Safisha, hesabu, jaza. Toa kila kipande cha mbao, waya, ndoo na jiwe. Safisha na shimo la kunasia mawe lililo kabla ya mitambo. Hesabu vifaa na watu dhidi ya daftari. Anayesaini kwamba handaki ni tupu awe amelitembea mwenyewe hadi mwisho.

Jaza kwa vituo kama ulivyotoa, matundu ya hewa yakiwa wazi, kwa sababu hewa iliyonaswa hujikusanya darini na kurudi nyuma kwa kishindo kinachoweza kung'oa lango. Handaki la mfano wetu lina ujazo wa mita za ujazo zaidi ya 125,000, kwa hiyo kwa mita za ujazo 2 kwa sekunde litajaa kwa saa 17 na nusu hivi. Maji yakikaribia kisima cha mshindo, punguza kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya 5. Katika kila kituo simama, soma visima vya nje, tembeza watu mlimani na linganisha maji yaliyoingia na kimo kilichofikiwa. Yaliyoingia yakizidi yale ambayo kimo kinaeleza, kuna mahali yanakwenda.

Kwa maji ya kunywa, maji ya kwanza yamwagwe. Saruji mpya hupandisha ualikali wa maji yaliyotulia juu yake, na mtu atakayelalamika kwamba maji yana utelezi na ladha ya chokaa atakuwa na haki. Endelea kumwaga hadi ualikali na uchafu vishuke kwenye viwango vya kitaifa, na pasiwe na bakteria wa kinyesi hata mmoja katika mililita 100.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyashughulikia

*Lango halizibi vizuri na maji yanaendelea kuingia.* Usiingize watu kwa kutegemea pampu. Pandisha na kushusha lango mara chache ili mchanga uoshwe, tuma wapiga mbizi wakague mpira wa kuzibia, au shusha vizuizi vya dharura mbele yake. Ikishindikana, jenga kizuizi cha pili ndani, kilichosanifiwa kwa presha kamili.

*Maji ya ardhini hayashuki wakati unatoa maji.* Matundu ya kutolea maji yameziba kwa chokaa au udongo, au hayapo. Simamisha zoezi, rudisha maji kidogo, na uangalie uwezekano wa kutoboa matundu kwa awamu kuanzia sehemu uliyokwisha kufikia salama.

*Rojo linaingia bila kikomo kwenye tundu moja.* Linakimbilia kwenye ufa mkubwa wa mwamba, pengine hadi mtoni. Simama, lizidishie uzito, au dunga kwa awamu ukiacha saruji ishike kati ya awamu moja na nyingine. Tuma mtu atazame kijito kilicho karibu. Maji yakigeuka ya kijivu, acha mara moja, kwa sababu saruji huua samaki.

*Uvujaji umepungua, lakini chemchemi mpya imetokea mahali pengine.* Maji yaliyozuiwa yametafuta njia ya pili. Pima wingi wake na rangi yake. Yakiwa masafi na hayaongezeki, yawekee kizingiti na uyasome kila wiki. Yakibeba mchanga au udongo, mlima unaliwa kutoka ndani: shusha presha, hamisha watu walio chini ya mteremko, na umwite mtaalamu wa miamba siku hiyohiyo.

*Uvujaji umeisha, lakini mtiririko haujaongezeka.* Rudia hatua ya 1 kwa vipimo vilevile na mahali palepale. Kama upotevu wa presha haujabadilika, angalia vyuma vya kuzuia takataka, malango ambayo hayakufunguka kikamilifu, na hewa iliyobaki darini kwenye sehemu za juu za handaki. Kama umeongezeka, zege la kunyunyizia limeachwa na ukwaru mwingi, na sehemu hizo zitahitaji kusawazishwa handaki litakapokaushwa tena. Ziandike sasa, kwa umbali na digrii, kwenye michoro mipya itakayomkuta mhandisi wa wakati huo.